Kupimwa TB kwa Sindano ya Ngozi: Kwa Nini Unaambiwa Urudi Baada ya Siku Mbili

Anayepimwa kifua kikuu (TB) kwa sindano ya ngozi huambiwa arudi kituoni baada ya saa 48 hadi 72. Wengine hutazama mkono jioni hiyo hiyo, wakiona hakuna kitu hawarudi. Kipimo huwa kimepotea bure.

Muuguzi hudunga mililita 0.1 ya tuberkulini juujuu kwenye ngozi ya mkono. Dawa hii ni protini za viini vya TB. Haina viini hai, hivyo haiwezi kukuambukiza.

Mwili uliowahi kukutana na viini hivyo huwa na seli T za kumbukumbu, yaani chembe nyeupe za damu zinazomtambua adui wa zamani. Seli hizo husafiri hadi penye sindano, kisha hutoa kemikali za kuita chembe nyingine zinazomeza viini. Zikikusanyika, ngozi huvimba na kuwa ngumu. Kazi hiyo huchukua takriban siku mbili, tofauti na mzio wa kuumwa na nyuki unaoonekana kwa dakika chache.

Chembe hizo pia hutoa kemikali ambazo, zikizidi katika damu, huuchochea ubongo kupandisha joto la mwili. Mnamo 1890, daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza tuberkulini kuwa tiba. Wagonjwa wa TB waliodungwa walipata homa kali, na baadhi wakafariki. Kiasi cha kipimo cha leo ni kidogo mno, na kwa kawaida athari yake huishia kwenye ngozi.

Ukirudi, kumbuka haya:

• Muuguzi hupima sehemu iliyokuwa ngumu, si wekundu. Kwa kawaida milimita 10 au zaidi ni chanya. Kwa anayeishi na VVU ni milimita 5.

• Chanya haimaanishi unaugua. Huenda viini vimelala mwilini, au ni athari ya chanjo ya BCG. Utahitaji picha ya kifua na uchunguzi zaidi.

• Hasi haimwondolei shaka mwenye kinga dhaifu. Huenda seli zake ni chache mno kuvimbisha ngozi.

Ukiwa na kikohozi kisichoisha, homa, jasho la usiku au ukipungua uzani, usingoje ngozi ivimbe. Fika katika kituo cha afya kilicho karibu nawe. Matibabu ya TB katika vituo vya umma hayalipiwi.