SOMO LA FAMILIA: FEDHA ZA GEHAZI NDANI YA SIMU

Fungu la kusoma: 2 Wafalme 5:15-27, 2 Timotheo 2:5



Gehazi hakuvunja mlango wa mtu. Aliona tajiri anaondoka na mali, akamkimbilia, akapewa talanta mbili bila jasho. Lakini ukoma wa Naamani ukaja pamoja nazo.

Habari hii inawahusu vijana wetu hapa Gitega wanaocheza Free Fire. Wako watu wanaouza programu za kudanganya katika michezo ya namna hiyo: risasi haikosi, adui anaonekana nyuma ya ukuta. Hulipiwa kila mwezi. Kijana asiye na pesa hutafuta ile ya bure. Paulo anasema mshindani hapewi taji asipofuata sheria za mchezo, na hilo lingetosha. Lakini wazazi, sikieni jinsi mtego unavyofanya kazi.

Programu hiyo haitoki Play Store. Agizo lake la kwanza ni kuzima ulinzi wa simu, kisha kuiruhusu isome meseji. Mtoto hashtuki, maana amezoea kusikia kwamba programu za kudanganya hukataliwa na ulinzi. Mwizi hupita mlango huohuo. Mwaka 2018 kampuni ya Rainway iligundua programu ya hila ya kompyuta iliyoahidi pesa za bure katika mchezo wa Fortnite. Ilikuwa imepakuliwa mara 78,000. Mwaka 2021 Activision, wenye Call of Duty, nao walitoa onyo kama hilo.

Kwetu simu moja mara nyingi ni ya nyumba nzima. Mna MoMo ya mama, picha ya karatasi ya ukimbizi, namba za ndugu walioko Kongo na Marekani. Mwizi akisoma meseji zako, anaweza kuchukua WhatsApp yako na kumwandikia shangazi kwamba mtoto yuko hospitali, tuma haraka. Shangazi atatuma! Na laini ina jina lako. Wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Msiwapige watoto. Anayeogopa fimbo atafanya kama Gehazi: ataficha. Iondoeni programu hiyo, rudisheni ulinzi, badilisheni namba ya siri ya MoMo, na ndugu wa mbali waambieni kwa kupiga simu ili wasikie sauti yenu.

Maswali ya nyumbani (watoto wajibu kwanza): Kwa nini Elisha alikataa zawadi ya Naamani? Gehazi alipoulizwa ametoka wapi, alijibu nini?