Nyumbani wanajua nasomea sheria

*Shangazi, nina miaka 22, nasoma mwaka wa pili chuo kikuu hapa Dodoma, shahada ya ualimu, Historia na Kiswahili. Kidato cha sita nilisoma HKL. Naomba unitajie digrii zinazolipa vizuri ili nihame mapema, maana walimu wamejaa mitaani na mshahara wenyewe ni mdogo. Fildi nilipata A na wanafunzi walinipenda, lakini A hailipi kodi ya nyumba. Kuna jambo jingine dogo: nyumbani Muleba wanajua nasomea sheria. Nilikosa nafasi, nikaona aibu kumwambia mama kwa sababu alishawatangazia watu kanisani. Sasa ananiita wakili. Krismasi baba mkubwa alinipa bahasha ya kesi ya kibanja. Alishindwa Baraza la Ardhi mwezi Novemba, anataka nimsaidie kukata rufaa. Sijamjibu, bahasha iko kwenye begi. Digrii ipi inalipa zaidi?*

*Mwanafunzi, Dodoma*

Mwanangu, barua yako ilikuwa ndefu, na sehemu kubwa ilikuwa mishahara ya rafiki zako. Nimeikata. Nimebakiza jambo uliloliita dogo, maana ndilo lililonifanya nikujibu wewe kabla ya wengine wote wiki hii.

Bahasha iko kwenye begi tangu Krismasi. Binti, hicho ni kibanja cha mtu, na huko kwenu kibanja ndimo walimozikwa wazee. Anayeshindwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Barua yako umeiandika Februari. Hukumu ilitoka Novemba. Hesabu mwenyewe. Mahakama Kuu inaweza kuongeza muda kukiwa na sababu ya msingi, lakini mwombaji hutakiwa kueleza kila siku aliyochelewa. Baba yako mkubwa ataulizwa siku zote hizo alikuwa wapi, na jibu lake la kweli ni kwamba alikuwa anakusubiri wewe.

Nimekasirika, sikufichi. Hata ungekuwa unasoma sheria kweli, mwanafunzi wa mwaka wa pili hawezi kumsimamia mtu mahakamani. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kufanya kazi ya wakili. Ulichotakiwa kusema siku ile kilikuwa kifupi: "Baba, hili ni la wakili, mtafute kesho asubuhi." Ukanyamaza kwa kuogopa swali ambalo lingefuata.

Mpigie leo. Mpe ukweli wote, usimpe nusu. Zipige picha karatasi zote umtumie, kisha zenyewe zipande basi la kesho. Bukoba kuna Mahakama Kuu na mawakili wapo. Kama mfuko hauruhusu, aende kwa maofisa maendeleo ya jamii wa halmashauri aulizie msaada wa kisheria. Sheria ya 2017 iliwekwa kwa ajili ya watu kama yeye. Atakugombeza, na ana haki. Wewe sikiliza mpaka amalize.

Sasa mishahara, maana umeuliza. Hapa nchini wengi wanaolipwa vizuri hawakufikishwa pale na digrii peke yake. Daktari husoma miaka 5, kisha mwaka mzima wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Mhandisi lazima asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mhasibu hupanda akishapata CPA. Hesabu za bima zinalipa pia, ila wanaohitajika ni wachache na wanatoka kwenye hisabati. Kwako wewe wa HKL, njia ya moja kwa moja ya udaktari na uhandisi ilifungwa siku ulipoanza kidato cha tano, na unalijua hilo kuliko mimi.

Ndiyo maana nasema swali lako si la mshahara. Katika kurasa zote ulizoniandikia, ukiacha ile unayosoma, umetaja digrii moja tu kwa jina, nayo ni sheria. Unatafuta njia ya kuugeuza uongo kuwa kweli kabla haujagunduliwa.

Hutawahi. Ukihama leo unaanza mwaka wa kwanza upya. Mkopo wa miaka hii miwili unabaki deni lako, na siku utakayoajiriwa Bodi ya Mikopo itakata asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi kila mwezi mpaka liishe. Ukimaliza digrii ya sheria bado hujawa wakili. Unakwenda kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ile Law School. Mwaka 2022 matokeo ya shule hiyo yalitikisa nchi nzima: katika wanafunzi 633, waliofaulu bila kurudia mtihani walikuwa 26, na 265 wakaondolewa. Serikali ikaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza kilichotokea. Waliokwama pale walikuwa watu waliokuwa tayari na digrii ya sheria mkononi. Sikutishi. Anayeipenda sheria aisome na aivumilie. Wewe hujaniandikia hata sentensi moja inayoonyesha kwamba unaipenda.

Na jihadhari na orodha za digrii zinazolipa. Gesi ilipogunduliwa baharini kusini, kuanzia 2010, kila nyumba iliimba mafuta na gesi, na vijana wengi wakakimbilia kozi hizo wakiamini ajira inawasubiri Lindi na Mtwara. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa 2015, lakini kiwanda kikubwa cha LNG kilichosubiriwa Lindi kimebaki kwenye mazungumzo. Mshahara wa mwaka unaojaza fomu haukuahidi chochote kuhusu mwaka utakaohitimu.

Turudi kwa mama yako, maana hapa nina msimamo na sitaulegeza. Watoto wengi hudhani wanamlinda mzazi kwa kumficha aibu. Wanamnyang'anya kitu. Mzazi ana haki ya kujivunia mtoto aliye naye. Kwa miaka miwili mama yako amejivunia msichana ambaye hayupo, na yule aliyepo, aliyesimama mbele ya darasa akapata A, hajawahi kusikia mama yake akimsifu. Hukuniambia hivyo, lakini nimekusoma. Hakuna kitu kinachochosha kama kupokea sifa za mtu mwingine kila unapopiga simu nyumbani. Nadhani ndicho kinachokuchosha, ukadhani ni ualimu.

Unaogopa atachekwa kanisani. Huenda akachekwa, Jumapili mbili tatu. Siku akigundua kutoka kwa mtu mwingine, kwenye mahafali labda, akisikia jina lako likisomwa kwa walimu huku amevaa kitenge alichoshonesha kwa ajili ya wakili, hapo atachekwa, na wewe utakuwa mmoja wa waliomfanya achekwe. Basi mwambie mwenyewe, kwa mdomo wako. Usimtumie ujumbe wa simu na usimtume mdogo wako. Anza na kosa lako kabla ya sababu zako: "Mama, nilikudanganya." Halafu mwambie unasoma nini, na umwambie kuhusu lile darasa la fildi. Suala la kanisani mwachie yeye. Alitangaza mwenyewe, atajua namna ya kurekebisha.

Kuhusu ualimu sitakupamba maneno. Walimu wa Historia na Kiswahili ni wengi kuliko nafasi, wanaotafutwa zaidi ni wa hisabati na sayansi, na siku hizi serikalini mwalimu anaitwa kwenye usaili kama watumishi wengine. Huenda ukakaa mtaani kwa muda baada ya kuhitimu. Ndiyo sababu muda uliobaki chuoni usiutumie kulia. Una Kiingereza cha HKL. Kinoe, shule binafsi zinakihitaji. Una Kiswahili, ambacho SADC ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019 na Umoja wa Afrika ukakiingiza kwenye lugha zake za kazi mwaka 2022. Nenda BAKITA uulizie mafunzo ya kufundisha Kiswahili kwa wageni na namna ya kuingia kwenye kanzidata ya wataalamu wa Kiswahili. Kumfundisha mgeni lugha ni kazi yenye mbinu zake, na wanaoijua vizuri si wengi kama unavyodhani. Huko kuna kipato kwa mtu mwenye karama uliyoionyesha fildi. Si utajiri, lakini kodi ya nyumba utalipa.

Kuhama kozi, kwa hali yako, jibu langu ni hapana. Baada ya huu umebakiza mwaka mmoja. Maliza digrii yako ya ualimu, na mahafali yakifika mwalike mama yako akiwa anajua anakuja kumshangilia mwalimu.