Uliza fungu kabla ya kuuliza bei ya hisa

Muuza nyanya akikutajia bei, anakutajia ya fungu zima. Hakubali uchomoe mbili umwachie tatu. Masoko mengi ya hisa ya nje yana desturi hiyohiyo, ila skrini ya simu huonyesha bei ya hisa moja. Ndiyo maana mwekezaji mgeni huona bei anayoimudu, akatuma agizo, na agizo likarudi limekataliwa. Ukitaka kuepuka hilo, fuata hatua hizi nne.

1. Jua kanuni ya soko. Tokyo, tangu tarehe 1 Oktoba 2018, fungu ni hisa 100 kwa kila kampuni ya Japani. Singapore nako lilishushwa hadi 100 Januari 2015. Kabla ya hapo lilikuwa 1,000. Marekani kwa muda mrefu ilihesabu hisa 100 kuwa fungu la kawaida, lakini hata moja unauziwa. London unaweza kununua hisa moja.

2. Hong Kong, kagua kila kampuni. Huko kampuni yenyewe ndiyo iliyojipangia fungu lake. Tencent imekuwa ikiuzwa kwa hisa 100, HSBC kwa 400. Usikisie kwa kuangalia jirani yake. Fungua ukurasa wa kampuni kwenye tovuti ya soko, au muulize dalali wako.

3. Zidisha kabla ya kubadilisha fedha. Bei ya hisa mara idadi ya hisa kwenye fungu: hicho ndicho kiingilio chako, kisha ongeza ada ya dalali na gharama ya kubadilisha fedha. Tuseme hisa ya Hong Kong ni dola 60 za huko na fungu ni 400: unahitaji dola 24,000 za Hong Kong, si 60. Kabla ya Oktoba 2022, hisa moja ya Nintendo ilikaribia yeni 60,000, hivyo fungu la hisa 100 lilidai takriban yeni milioni 6. Kampuni ikaigawa kila hisa kuwa 10, na kiingilio kikashuka hadi sehemu ya kumi.

London ina mtego wake: bei nyingi huandikwa kwa peni. Ukiona 800, ni pauni 8.

4. Jihadhari na masalia. Unaweza kumiliki hisa zisizotimiza fungu bila kuzinunua hivyo, kwa mfano ukilipwa gawio kwa hisa badala ya fedha. Hong Kong masalia hayauzwi pamoja na mafungu kamili. Yana upande wake, wanunuzi ni wachache, na bei mara nyingi huwa chini. Shanghai, kwenye ubao mkuu, unanunua kwa mafungu ya 100, na masalia yaliyo chini ya 100 huyauza yote kwa mkupuo mmoja. Kwa hiyo, kampuni ikikupa chaguo, pima kwanza: hisa hizo zitatimiza fungu, au fedha taslimu zitakufaa zaidi?

Kama fungu moja linameza akiba yako yote, liache. Kuweka kila kitu kwenye kampuni moja kwa sababu tu soko haliuzi kidogo ni hatari isiyo ya lazima. Tafuta soko linalouza hisa mojamoja, au subiri mfuko wako ukue. Na kila mara, kabla ya kubonyeza kitufe cha kununua, jiulize: fungu ni hisa ngapi?