Nyumba Moja, Kaunti Mbili: Kodi ya Ardhi Mpakani mwa Machakos

Kodi ya ardhi yajulikana na kila mwenye kiwanja katika mji wa Machakos, Athi River au Mlolongo. Lakini liko swali linalowatatiza watu wakaao mipakani. Ikiwa mstari wa mpaka wapita katikati ya boma la mtu, jiko likawa kaunti hii na chumba cha kulala kaunti ile, kodi yake ni ya nani? Je, mwenyewe alipe mara mbili?

Jibu kwa ufupi ni hili: kila kaunti ina haki juu ya ardhi iliyo ndani ya mipaka yake tu, na ardhi ile ile haipaswi kutozwa kodi hiyo na kaunti mbili. Yafaa kila mwenye ardhi aelewe sababu yake, maana asiyeijua aweza kupoteza fedha nyingi.

Zamani neno hili halikuwa na uzito. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha kodi ya nyumba mwaka wa 1901, kodi ilitozwa kwa kila nyumba, si kwa thamani ya ardhi, na fedha ziliingia katika hazina moja. Mtu akiwa upande huu wa mpaka au upande ule, mdai wake alikuwa mmoja. Mambo yalibadilika Katiba mpya ilipoanza kutumika tarehe 27 Agosti mwaka wa 2010. Katiba hiyo iliigawa Kenya katika kaunti 47, na Kifungu cha 209 kiliipa kila kaunti mamlaka ya kutoza kodi ya mali. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, mstari wa mpaka umekuwa pia mstari wa fedha.

Tena yapasa kutofautisha mambo mawili. Kodi ya ardhi hulipwa kwa kaunti. Pango la ardhi, ambalo hulipwa na mwenye ardhi aliyopewa na Serikali kwa muda wa miaka fulani, huenda kwa Serikali ya Taifa. Pango hilo halibadiliki kwa sababu ya mpaka wa kaunti.

Machakos imepakana na kaunti nyingi, zikiwamo Makueni, Kajiado, Nairobi, Kiambu, Embu na Kitui. Makueni yenyewe ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Machakos mpaka mwaka wa 1992. Kwa hiyo hati ya zamani yaweza kutaja Machakos, na huku shamba lenyewe liko Makueni siku hizi. Mji wa Konza, unaojengwa Malili karibu na barabara ya Mombasa, ni mfano unaojulikana: upande huo Machakos, Makueni na Kajiado hukaribiana, na mpaka wake umezusha ubishi, kwa kuwa penye majengo makubwa pana kodi kubwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kwa kawaida nchini Kenya kodi hii imehesabiwa kwa thamani ya ardhi tupu, wala si kwa ukubwa wa nyumba. Basi haidhuru jiko liko wapi. Lililo muhimu ni kiasi cha ardhi kilicho kila upande. Mfano ni huu: mtu ana eka 4, na kila eka ina thamani ya Sh. 1,000,000. Eka 3 ziko katika kaunti ya kwanza, itozayo shilingi 1 kwa kila shilingi 100 za thamani. Eka 1 iko katika kaunti ya pili, itozayo shilingi 2 kwa kila 100. Atalipa Sh. 30,000 kwa kaunti ya kwanza na Sh. 20,000 kwa kaunti ya pili. Kaunti moja ikimdai kwa eka zote 4, imevuka mpaka wake.

Mtu aliye katika shida hii afanye nini? Kwanza, atafute hati yake na kuandika nambari ya ardhi. Pili, apate nakala ya ramani ya kipande hicho kwa Idara ya Upimaji, na ikihitajika amwite mpima ardhi mwenye leseni. Mpaka wa kaunti hauamuliwi na jirani, wala na mtoza kodi. Tatu, aziandikie afisi za kaunti zote mbili, aambatanishe ramani, na abaki na nakala za barua zake. Nne, daftari la thamani za ardhi linapotangazwa, alikague na kutoa pingamizi kabla ya muda uliowekwa kwisha.

Asikae kimya kwa kudhani ya kuwa ubishi wa kaunti mbili umemwondolea deni. Deni la kodi hushikamana na ardhi yenyewe na huongezeka kwa adhabu. Siku atakapotaka kuuza, ataombwa cheti cha kuonyesha kwamba hadaiwi kodi. Bila cheti hicho uuzaji wake hautaandikishwa. Sehemu isiyo na ubishi ailipie kwa wakati.

Wako wanaodhani kwamba mpaka waweza kusogezwa kwa mkutano wa wazee au kwa amri ya gavana. Sivyo. Kwa Kifungu cha 188 cha Katiba, mpaka wa kaunti hubadilishwa tu kwa mapendekezo ya tume huru iliyoundwa na Bunge, kisha azimio lipitishwe na angalau theluthi mbili za wabunge wote wa Bunge la Taifa na theluthi mbili za wajumbe wa kaunti katika Seneti.

Kazi hiyo yaweza kuchukua miaka mingi. Lakini kuweka hati, ramani na stakabadhi mahali pamoja ni kazi ya siku moja, nayo imo katika uwezo wa kila mtu. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.