Umemaliza Dawa za TB, Kifua Bado Kinabana

Miezi sita ya dawa imekwisha, makohozi yamepimwa hayana vimelea, lakini ukitoka kisimani na ndoo unahema mpaka uketi njiani. Hali hii ipo. TB hupona ikaacha makovu kwenye mapafu na njia za hewa zikabaki nyembamba. Hapa Simiyu kuna mengine ya kuyaongezea: moshi wa mafiga, vumbi la viwanda vya kuchambua pamba, na vumbi la mawe kwa waliowahi kushika sururu kwenye machimbo ya dhahabu.

Taabu kubwa ni kupata huduma. TB ina kliniki yake, muuguzi wake na dawa za bure. Ukishapona TB ukabaki na kifua kibovu, unajikuta huna pa kwenda. Ndiyo maana nasisitiza karatasi. Kadi ya TB usiitupe. Nunua daftari, uandike mwaka uliotibiwa, kazi ulizofanya na kwa miaka mingapi, na siku ulizobanwa. Kumbukumbu hizo zitakusaidia, maana makovu ya zamani huonekana kwenye eksirei kama ugonjwa mpya, na hata kipimo cha GeneXpert kinaweza kunasa mabaki ya vimelea vilivyokwisha kufa. Ukiambiwa uanze dozi tena, uliza kwa heshima: "Daktari, makohozi yangu yamepimwa? Majibu yanasemaje?" Ni haki yako kujua.

Omba uandikishwe kliniki ya magonjwa yasiyoambukiza, ile wanayokwenda wenye sukari na presha. Pumu na ugonjwa sugu wa mapafu ni vya huko. Omba pia rufaa ya kipimo cha kupuliza, kinachoonyesha hewa inatoka kwa nguvu kiasi gani. Anzia zahanati, upande ngazi hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa pale Nyaumata, Bariadi. Kwenda Bugando, Mwanza, bila barua ya rufaa ni kuhatarisha nauli.

Kuhusu fedha, mwone afisa ustawi wa jamii kabla ya kufika dirisha la malipo. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo anatambuliwa na sera kutibiwa bure, ila aende na barua ya mtendaji wa kijiji. Bima nayo inabadilika tangu Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ipitishwe mwaka 2023, kwa hiyo muulize mtendaji kinacholipwa sasa na kama bima hiyo inatumika nje ya mkoa. Ikiwa uliumia mapafu ukiwa umeajiriwa, mwajiri anapaswa kutoa taarifa kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF.

Ukipewa dawa ya kuvuta, sehemu kubwa yake huishia kooni usipoivuta vizuri. Ili ifike kwenye mapafu, chukua chupa safi ya plastiki ya nusu lita. Weka mdomo wa pampu kitakoni, uuzungushie kalamu, kisha toboa alama hiyo kwa waya uliopashwa moto. Pampu iingie kwa kubana. Ikilegea, zungushia plasta. Ioshe kwa maji ya sabuni na uiache ijikaukie, usiipanguse. Tikisa pampu, bonyeza mara moja, uvute polepole kwa mdomo wa chupa pumzi tano au sita. Subiri kidogo ndipo urudie, kama umeandikiwa mara mbili. Watafiti wa Cape Town waliijaribu kwa watoto wenye pumu, wakachapisha mwaka 1999 kwamba chupa iliyozibwa vizuri hufanya kazi sawa na kifaa cha dukani.

Jiko litoke ndani. Mashina ya pamba yanawaka haraka, lakini moshi wake ni mkali. Apike mwingine, nje, kwa kuni kavu. Siku ya kupuliza dawa shambani kaa mbali.

Ukibanwa, keti, inama mbele, viwiko juu ya magoti. Vuta kwa pua, toa polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza chai. Midomo ikigeuka bluu, ukishindwa kumaliza sentensi, ukichanganyikiwa au ukikohoa damu, ita bodaboda hapo hapo, hata usiku. Anayekusindikiza amwambie mhudumu mlangoni kwamba una ugonjwa sugu wa mapafu, ili oksijeni utakayopewa ipimwe, maana ikizidi kwa mgonjwa wa namna hii nayo hudhuru.