Ukikwama safarini, jua swala yako na haki yako

Aprili 14, 2010, volkano ya Eyjafjallajökull huko Iceland ililipuka chini ya barafu na kurusha majivu angani. Upepo ukayapeleka Ulaya, na kuanzia kesho yake nchi moja baada ya nyingine zikafunga anga. Kwa takriban siku sita, safari zipatazo 100,000 zilifutwa na abiria wapatao milioni 10 wakaathirika. Hata Kenya, ambako majivu hayakufika, wakulima walitupa maua yaliyokosa ndege.

Miongoni mwa waliokwama alikuwa shangazi yangu. Alikuwa anarudi Dar es Salaam kutoka Toronto, akakwamia London alipokuwa abadilishe ndege. Siku ya tano akanipigia simu: "Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu. Napunguza na kukusanya swala tangu nilipofika. Niendelee?"

Wakati huo nilikuwa chuo kikuu. Nikajibu papo hapo, bila kufungua kitabu, kwamba siku nne zimeshapita, aswali kikamilifu na kila swala kwa wakati wake. Akanitii. Anga ilipofunguliwa, alitoka kwenye foleni ya kupangiwa ndege akaswali Alasiri. Aliporudi, nafasi yake imechukuliwa. Akangoja siku mbili zaidi.

Swala yake ilisihi, alhamdulillah. Lakini nilimbebesha mzigo ambao sheria ilikwishamtua. Katika madhehebu yetu ya Shafii, siku nne ni za anayenuia kukaa. Anayetarajia kuondoka leo au kesho, akawa anazuiliwa tu, huendelea na ruhusa ya msafiri hadi siku kumi na nane. Kwa Mahanafi na Mahanbali, huendelea kupunguza maadamu hajanuia kukaa. Imepokewa kuwa Ibn Umar (r.a.) alizuiliwa na theluji Azerbaijan miezi sita, naye akipunguza swala. Basi wa theluji na wa majivu wana tofauti gani?

La pili ni subira yenye elimu. Wengi waliulaumu uamuzi wa kufunga anga kuwa ni woga. Majivu ya volkano si kama ya jikoni. Ni chembe za mwamba na kioo, ambazo huyeyuka ndani ya injini kwa joto kali, kisha hugandia humo na kuiziba. Juni 1982, ndege ya Uingereza aina ya Boeing 747 iliingia katika majivu ya mlima Galunggung, Indonesia, injini zake zote nne zikazimika. Ziliwaka tena ilipotoka kwenye wingu hilo, ikatua Jakarta salama. Kuzuia safari ni kulinda roho, na kulinda roho ni katika makusudio ya sheria yetu.

La tatu, kutawakali hakumzuii mtu kudai haki yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamtaka mwenye ndege ampe abiria aliyekwama chakula na malazi, na amchagulishe kurudishiwa nauli au kupewa safari nyingine. Fidia ya usumbufu ndiyo haipo, kwa kuwa volkano si kosa lake. Mwaka 2013 mahakama ya Umoja huo ilithibitisha kuwa huduma hiyo inadaiwa hata kwa majivu ya 2010. Shangazi hakulijua hilo. Alilala kwenye viti na kununua mkate kwa pesa yake.

Akiishiwa kabisa, msafiri asione haya kuuliza msikiti ulio karibu. Ibn sabili ana fungu lake katika zaka, hata kama kwao ni tajiri.

Tusidhani mambo haya ni ya Ulaya tu. Novemba 2025, volkano ya Hayli Gubbi nchini Ethiopia ililipuka, majivu yake yakavuka Bahari ya Shamu hadi Yemen na Oman, yakafika India na kusababisha safari kufutwa.

Kwa hiyo, ewe unayejiandaa kwa umra au biashara, weka dawa zako kwenye begi la mkononi, tunza risiti, na kaa na mwalimu wako japo saa moja ujifunze hukumu za safari. Nasi tunaoulizwa, tusione taabu kusema: "Subiri, niangalie kitabu." Shangazi alishanisamehe, lakini siku mbili zile sijazisahau.

Wallahu a'lam.