Vyombo Vikuukuu na Vijana Wasio na Kazi

Muhula huu nimeombwa niandike somo juu ya karakana za namna moja ambazo wanafunzi wa Kidato cha Tatu waliniuliza habari zake. Ni karakana zinazochukua vyombo vikubwa vilivyochakaa majumbani, yaani makabati, vitanda, makochi na meza, zikavitengeneza na kuviuza, na papo hapo zikawafundisha kazi watu wasio na ajira. Nimekubali upesi kwa sababu mbili. Ya kwanza iko nyuma ya ghala la shule yetu, palipolundikwa madawati mabovu na vitanda vya bweni. Ya pili iko nyumbani kwangu. Mtoto wa ndugu yangu alimaliza Kidato cha Nne, akakosa nafasi ya kuendelea, na kwa muda mrefu akawa anashinda stendi ya Mafinga akibeba mizigo ya abiria.

Kwanza tufahamu maana. Karakana hizi ni biashara kweli kweli, hununua na kuuza, lakini faida yake haiendi mfukoni mwa mwenye mali. Hurudi katika kuwafundisha na kuwalipa wale waliokosa kazi. Basi hutoa vitu viwili kwa wakati mmoja: kiti na fundi. Msomaji akiyashika maneno hayo mawili, mengine yote yatamwelea.

Mfano unaojulikana sana ni wa Ufaransa. Mwaka 1949, mahali paitwapo Neuilly-Plaisance karibu na Paris, ilianzishwa jumuiya ya Emmaus kwa ajili ya watu wasio na makao. Fedha zilipowapungukia, katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakaanza kukusanya vyombo vilivyotupwa, kuvichambua, kuvitengeneza na kuviuza, wakala jasho lao wenyewe. Leo jumuiya za jina hilo ziko katika nchi zipatazo 40, na katika nyingi kazi kubwa ni ile ile ya vyombo vikuukuu.

Lakini tusidhani kwamba yanayofanyika Paris yatafanyika Mafinga vivyo hivyo. Kule mtu mwenye kochi bovu huliona ni adha. Hana uwanja wa kuliweka, haruhusiwi kulichoma, na kulitupa ni gharama. Tena tangu mwaka 2013, kila anunuaye samani mpya Ufaransa hulipa ada ndogo, iliyokwisha kutiwa katika bei, kwa ajili ya siku ile chombo kitakapotupwa. Kwa hiyo karakana hupata kochi bure. Huku kwetu sivyo. Jaribu kumwomba mama mmoja wa hapa mjini akupe kabati lake lililong'oka mlango, hata kama kuku wanatagia ndani yake. Atakuambia, "Hilo ni la mninga, Mwalimu," naye yuko sawa. Kwetu chombo hakitupwi, huwekwa uani kikingoje siku. Atakayefungua karakana hapa hana budi kuvinunua vitu hivyo.

Tena sisi tumezungukwa na misonobari ya Shamba la Miti la Sao Hill, na mashine za kupasua mbao hazitulii. Mbao mpya za msonobari si adimu hapa, na mtu aweza kuuliza, kwa nini nitengeneze kitanda cha zamani? Mimi nasema si kila kitanda kinafaa. Kilichobunguliwa ni kuni. Godoro lenye kunguni usilisogeze karibu na karakana. Friji mbovu mwachie anayejua mambo ya gesi yake. Bali kiti cha mninga kilichoachia viungo tu, kwa gundi, patasi na jiriwa kitakaa miaka mingi kuliko kipya cha msonobari.

Kwa upande wa kufundisha, mfano mzuri uko karibu nasi, mwendo wa kilomita 80 hivi. Katika mji wa Iringa kuna Neema Crafts, kituo cha Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kilichoanza mwaka 2003 na vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi. Walitumia hata kinyesi cha tembo. Hawatengenezi makabati pale, lakini wenye ulemavu waliokuwa wakihesabiwa kuwa mzigo wamepata kazi na ujira. Pana pia mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Ukitaka chai, waandika katika karatasi. Niliandika vibaya nikaletewa vikombe viwili, nikavinywa vyote. Mkahawa ule una maana kubwa katika somo letu, kwa kuwa fedha zake husaidia kazi ya karakana. Kwa nini karakana isaidiwe? Hapo ndipo hesabu inapokuja.

Tuchukue mfano. Kabati bovu limenunuliwa kwa shilingi 15,000. Mbao, misumari, gundi, msasa na vanishi ni 20,000. Likauzwa 80,000. Zimebaki 45,000. Fundi hodari atalimaliza kwa siku mbili, basi kila siku amepata 22,500. Sasa mpe mwanafunzi. Atachukua siku tano, na katika hizo fundi atapoteza siku yake moja akimsimamia, nayo ni 22,500. Mwanafunzi amebakiwa na 22,500 kwa siku tano, yaani 4,500 kwa siku, na bado hatujalipa pango la banda wala ubao atakaoukata vibaya. Pengo hilo ndilo ada ya shule. Asipolilipa mtu mwingine, atalilipa mwanafunzi au fundi.

Nilipomtoa yule kijana stendi nilimpeleka kwa fundi mmoja. Miezi saba alifagia randa, akatumwa chakula, akashika msumeno mara chache, na posho hakuiona. Akaacha. Nilimkasirikia sana yule fundi, nikamsema hata mbele za watu. Sikuwa nimeifanya hesabu hii. Alikuwa akilikimbia pengo lile, na hakuna aliyemwambia angelifidiwa. Hata hivyo kijana ndiye aliyelilipa, kwa miezi saba.

Wengine watasema, iko mikopo ya halmashauri isiyo na riba, asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Ni kweli, nayo yafaa kununulia randa na misumeno. Lakini mkopo hurudishwa, na siku ya fundi aliyesimama akifundisha hairudi. Vilevile VETA huwapima mafundi waliojifunzia mitaani na kuwapa vyeti, lakini lazima kwanza mtu ajifunze.

Tumerudi basi nyuma ya ghala. Madawati yale ni mali ya umma, hayawezi kutolewa wala kuuzwa pasipo kibali, lakini kuyatengeneza na kuyarudisha darasani hakuna azuiaye. Kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, kijana wangu na wenzake wawili wamekuwa wakija Jumamosi. Nilimwendea yule fundi, nikamwomba radhi, akakubali kuwasimamia siku moja kwa malipo ya siku nzima, niliyoyatoa mimi. Madawati matatu yamerudi darasani. Mawili yamesimama imara. La tatu liko Kidato cha Kwanza, na anayelikalia ameweka karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja. Fundi amelitazama, akasema ulimi wa kiungo umekatwa mfupi, na kwamba yuko tayari kuja kuwaonyesha tena. Siku hiyo ya pili haijapata wa kuilipa, nami nitaliuliza jambo hilo katika mkutano wa wazazi.